Ripoti ya Nyumba, Limbani

Afande Shaame, sauti yako imenifika,
dakika saba na ushei, nusu yake upepo.
Umesema: mabati kabla ya masika,
karo kabla ya mabati, mchwa kabla ya vyote.
Umesema kama unavyosema na vijana wako huko,
hukuniaga.
Haya. Pokea ripoti.

Mchwa walikuwa kwenye fremu ya mlango wa uani.
Niliigonga kwa mpini wa kisu ikaitika kama debe tupu.
Fundi Mbarouk alipoing'oa ilimvunjikia mikononi,
unga mtupu, na wenyewe weupe wakilikimbia jua.
Rangi ya juu ilikuwa nzima, Shaame.
Ile buluu uliyoipaka mwenyewe likizo ya mwaka juzi
inang'aa, haina hata mkwaruzo.
Nimeweka mvule. Bei usiulize.
Zile karafuu nilizokuwa nimezificha
hata wewe hukujua kama zipo.

Karo limezibuliwa. Kijana wa Bi Mize
alishuka na kamba kiunoni, akapanda na kijiko,
soksi yako moja, na gari la plastiki la Rukaiya
lililotulizia wiki nzima.

Ukuta wa kusini ulikuwa unabambuka kama mgonjwa wa surua.
Nimeloweka chokaa siku tatu kwenye pipa,
nikatia chumvi ili ishike.
Mikono yangu imechubuka; usingeijua kwa kuishika gizani.

Tangi nimelisugua mwenyewe, nimeingia ndani mzima mzima.
Humo kila neno linakurudia limenenepa.
Nilitaja jina lako mara moja tu,
nikaona haya, nikaendelea na brashi.

Halafu buti zako kuukuu, mvunguni.
Hazikuwa kwenye orodha.
Ya kulia nimeipaka mafuta.
Ya kushoto nyigu kaijengea ndani,
vyumba vitatu vya udongo, kaviziba vizuri.
Sikumbomolea. Kajenga bila kibali
ndani ya mali ya jeshi, mtahukumiana mkikutana.

Sasa mabati.
Jua lilipokaa utosini nilifunga madirisha yote
nikalala chali mkekani, kama ulivyonifundisha:
anayetafuta panapovuja asingoje mvua,
alale gizani mchana wa kiangazi, atazame juu.
Bati linatatarika kwa joto, jasho linaingia masikioni,
na zile tundu za misumari zinatoka moja moja.
Nyota kumi na tisa.
Rukaiya kahesabu ishirini;
moja ilikuwa kifungo cha shati lako pale ukutani.

Mbarouk kapanda na lami ya moto na vipande vya gunia.
Mimi chini na mpini wa ufagio, nagonga:
hapa, siyo, rudi kushoto, hapo hapo.
Zikazimika.
Kumi na nane.

Ya kumi na tisa iko juu ya kitanda, upande wako.
Saa nne asubuhi inaangusha duara la mwanga
sawasawa na shilingi, kwenye foronya.
Saa tano lipo katikati ya shuka,
pale ambapo kifua kingekuwa.
Adhuhuri limeshashuka sakafuni, linakwenda zake
kuelekea mlangoni, polepole,
kama mtu asiyetaka kuamsha mtoto.

Mbarouk kauliza kutoka juu: Bado?
Nikamwambia: Shuka, zimekwisha.

Najua. Najua utakavyosema.
Kopo la lami limebaki nusu,
ngazi ya jirani sijairudisha.
Wingu la kwanza likijikunja juu ya Mtambwe
nitapanda mwenyewe, hata iwe usiku.

Lakini leo mbingu ni nyeupe, hakuna hata dalili,
na inakaribia saa nne.
Katika dakika saba zile hukutaja unarudi lini.
Nami sikuulizi.
Ripoti ndiyo hiyo, Afande.
Kazi imekwisha, kasoro moja.